Wakili Anajibu: Umeumia katika Ajali ya Gari, Fidia Yako Unaidai Vipi?

Barua zilizotufikia miezi ya karibuni kutoka Dodoma mjini, Kongwa, Mpwapwa na hadi Manyoni zinafanana kwa jambo moja: mwandishi ameumia au amefiwa katika ajali ya barabarani, ameambiwa na mtu fulani kwamba suala limekwisha, naye moyoni anahisi kwamba halijaisha. Mara nyingi hisia hiyo ni sahihi, na kwa sababu hiyo safu ya toleo hili nimeitoa yote kwa barua hizo. Majina ya waandishi na ya wahusika tumeyaondoa, na barua ndefu tumezifupisha.

Swali. Shikamoo wakili. Mimi ni fundi seremala, naishi Kizota. Nilikuwa abiria kwenye bodaboda nikirudi nyumbani, gari dogo la mizigo likatoka barabara ya pembeni na kutugonga. Nilivunjika mguu, nimewekewa vyuma, na mpaka leo siwezi kusimama kwenye meza ya kazi kwa muda mrefu. Dereva alifikishwa mahakamani, akakiri kosa, akalipa faini na kuachiwa. Nilipomfuata mwenye gari aliniambia kesi imekwisha kwa kuwa faini imeshalipwa. Je, ni kweli sina changu tena?

Jibu. Marahaba, ndugu yangu, na pole sana kwa maumivu. Si kweli. Kilichokwisha ni kesi ya jinai, yaani kesi ya Jamhuri dhidi ya dereva kwa kuvunja Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168. Katika kesi ile wewe ulikuwa shahidi tu, na faini iliyolipwa imeingia serikalini. Deni la dereva kwako wewe uliyevunjika mguu ni jambo la madai, lina kesi yake, na halijaguswa hata kidogo na faini ile. Ni kweli kwamba Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa hakimu uwezo wa kuamuru mshtakiwa aliyetiwa hatiani amlipe fidia aliyeumizwa, lakini dereva anapokiri kosa asubuhi na kulipa faini kabla ya mchana, mwathirika akiwa bado amelazwa wodini, ni mara chache mtu yeyote hukumbuka kuliomba jambo hilo.

Tena kukiri kwake kumekusaidia. Sheria ya Ushahidi inasema kwamba mtu akishatiwa hatiani katika kesi ya jinai, na muda wa rufaa ukapita bila rufaa au rufaa ikaamuliwa, hukumu ile huchukuliwa kuwa uthibitisho kamili wa kosa lake katika kesi nyingine yoyote. Kwa hiyo hatua yako ya kwanza ni kwenda kwenye mahakama iliyosikiliza kesi ile na kuomba nakala zilizothibitishwa za hati ya mashtaka na hukumu. Kwenye kituo cha polisi kilichopima ajali, omba ripoti ya ajali, ripoti ya ukaguzi wa magari yote mawili na mchoro wa eneo la tukio. Omba kwa barua, ubaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa, kwa sababu anayeomba kwa mdomo huambiwa arudi wiki ijayo, na wiki hiyo huwa haifiki.

Baada ya hapo tazama vizuri PF3 yako, ile fomu ya polisi ya matibabu. Fomu hii ina sehemu ya polisi na sehemu ya daktari, na ile ya daktari mara nyingi hujazwa usiku wa ajali, mgonjwa akiwa bado hajapigwa picha. Nimeona fomu ambayo ilisomeka kwamba majeruhi ana michubuko na uvimbe wa goti, ilhali siku iliyofuata picha ya eksirei ilionyesha mfupa umepasuka mahali pawili. Fomu ya namna hiyo ikisimama peke yake mahakamani, wakili wa upande wa pili ataishika na haiachi. Rudi hospitali ulikotibiwa ukaombe ripoti kamili ya kitabibu inayoeleza jeraha, upasuaji uliofanyika, vyuma vilivyowekwa na kama vitahitaji kutolewa baadaye, na hasa kiwango cha ulemavu wa kudumu kwa asilimia. Asilimia hiyo ndiyo mahakama na kampuni ya bima huiangalia kabla ya kitu kingine chochote.

Fidia yenyewe ina mafungu mawili, na watu wengi hupoteza fedha kwa kutokujua tofauti yake. Fungu la kwanza ni hasara mahususi: gharama za matibabu, dawa, magongo, nauli za kwenda kliniki, na kipato ulichokosa kwa kutofanya kazi. Hizi ni lazima zitajwe moja moja katika hati ya madai na zithibitishwe moja moja kwa ushahidi, na mahakama zetu zimeshikilia jambo hili kwa ukali kwa miaka mingi. Ukidai nauli ya bajaji kwa miezi yote bila hata karatasi moja, hakimu anaweza kukuamini moyoni na bado asikupe. Mwombe dereva wa bajaji akuandikie risiti yenye tarehe, namba ya chombo na saini yake. Kama ulilipa kwa simu, usifute ujumbe, na ikibidi omba taarifa ya miamala kutoka kwa kampuni ya simu. Kuhusu kipato, wewe ni seremala uliyejiajiri na huna hati ya mshahara, lakini huenda una daftari la oda, una wateja waliokulipa malipo ya awali ya vitanda na milango, na pengine una kitambulisho cha mjasiriamali au makadirio ya kodi. Wateja wawili watatu wakija kueleza walikulipa kiasi gani na kazi ipi ilikwama, huo ni ushahidi unaosikilizwa.

Fungu la pili ni fidia ya jumla, inayohusu maumivu, mateso, ulemavu na kupungukiwa na raha ya maisha. Hii haina risiti. Hakimu hukadiria mwenyewe kwa kutazama jeraha, umri wako, kazi yako na ulemavu uliobaki, ndiyo maana ripoti ya daktari na maelezo yako ya jinsi unavyoishi sasa yana uzito mkubwa. Eleza kwa uwazi kwamba huwezi kusimama kwenye meza ya randa, na kwamba kazi ya kupaua umeacha kabisa, ikiwa ndivyo.

Unamdai nani? Dereva, kwa uzembe wake, na mwenye gari pia, kama dereva alikuwa katika kazi ya mwenye gari, kwa sababu mwajiri hubeba kosa la mtumishi wake akiwa kazini. Ikiwa bodaboda wako naye alichangia, kwa mfano alikuwa katika mwendo wa hatari, naye anaweza kuunganishwa. Hapo uliza pikipiki ni ya nani. Vijana wengi huendesha pikipiki ya mtu mwingine kwa kupeleka hesabu kila siku, na wengine wako kwenye mkataba ambao ukiisha pikipiki inakuwa yao. Jina lililo kwenye kadi ya chombo na makubaliano yaliyopo baina yao ndivyo vitakavyoonyesha nani wa kuunganishwa. Utaulizwa pia kama ulivaa kofia ngumu. Kutokuvaa hakukunyimi haki, ila kunaweza kupunguza kiasi iwapo jeraha la kichwa limo katika madai, na kwa mguu uliovunjika hoja hiyo haina nguvu.

Nyuma ya mwenye gari kuna kampuni ya bima. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamlazimu kila mwenye chombo cha moto kinachotumika barabarani kuwa na bima inayomlinda mtu wa tatu, ile ambayo mtaani tunaiita bima ndogo. Mtu wa tatu ni wewe. Chukua namba ya usajili wa gari na uihakiki kwenye mfumo wa TIRA-MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA), ambao hupatikana kwa intaneti hata kwenye simu, nawe utaona kama gari lilikuwa na bima siku ya ajali na ya kampuni ipi. Kisha iandikie kampuni hiyo barua ya madai yenye nakala za nyaraka zote nilizozitaja, ueleze kwamba usipolipwa utafungua shauri. Barua hii usiifanyie mzaha. Sheria inaitaka kampuni ilipe hukumu atakayopata mtu wa tatu dhidi ya mteja wake, lakini kwa sharti kwamba ilipewa taarifa ya shauri kwa wakati, na njia salama ni kuitoa kwa maandishi kabla hujafungua kesi.

Wakikaa kimya au wakikupa kiasi cha dharau, fungua shauri katika Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, mahali ajali ilipotokea au anapoishi mdaiwa. Kabla ya kusikilizwa shauri litapelekwa kwenye usuluhishi, na kampuni nyingi hutoa kiasi cha maana zinapofika hapo na kukuta mafaili yamekamilika. Muda wako wa kufungua shauri la uzembe, kwa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, ni miaka 3 tangu siku ya ajali. Kesi ya jinai kuchelewa hakusimamishi saa hiyo.

Swali. Mimi ni mama wa watoto watatu, nafanya biashara ya mahindi Kibaigwa. Niligongwa na gari nikiwa kando ya barabara, nikavunjika mkono na mbavu. Siku ya tatu, nikiwa bado nimelazwa, mwenye gari alikuja na kaka yangu na mtu mwingine aliyesema anafuatilia mambo ya bima. Walinipa shilingi 400,000 na karatasi ya kusaini, wakasema ni ya kuonyesha nimezipokea. Sasa naambiwa karatasi ile inasema nimeridhika na sina madai yoyote. Nifanye nini?

Jibu. Mama yangu, pole. Hili la karatasi ya wodini linanikera kuliko mengine yote katika safu hii, kwa kuwa hufanywa kwa makusudi wakati mgonjwa ana dawa za usingizi mwilini na watoto nyumbani hawana chakula.

Makubaliano ya kumaliza madai ni mkataba, na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inataka mkataba uwe umefanywa kwa hiari ya kweli na mtu mwenye akili timamu ya kuelewa anachokubali. Ridhaa iliyopatikana kwa kulaghaiwa, kwa kupewa maelezo ya uongo au kwa shinikizo lisilo halali humpa aliyesaini haki ya kuukataa mkataba huo. Kama uliambiwa ni stakabadhi ya kupokea fedha na kumbe ni hati ya kujitoa katika madai, hayo ni maelezo ya uongo. Usikae kimya, kwa sababu kadiri unavyonyamaza ndivyo inavyoonekana umeridhika. Mwandikie mwenye gari barua mapema, na nakala kwa kampuni yake ya bima, ukieleza kwamba karatasi ile ulisaini ukiwa mgonjwa, hukusomewa, na huitambui kama mwisho wa madai yako. Andika pia mazingira yake: siku gani, wodi gani, nani walikuwepo, nani aliisoma na kwa maneno gani. Muuguzi aliyekuwa zamu na mgonjwa wa kitanda cha jirani ni mashahidi wazuri, na faili lako la hospitali litaonyesha dawa ulizokuwa ukipewa siku hiyo. Jitahidi upate nakala ya karatasi hiyo, kwa kuwa maneno yake ndiyo yatakayobishaniwa. Pengine imeandikwa msaada wa matibabu tu, na kama ndivyo haikuzuii kitu.

Fedha ulizopokea hutakiwi kuzificha. Zitaje katika madai, zitakatwa kwenye jumla utakayopewa. Ujue pia kwamba mapatano yenu hayafuti kesi ya jinai. Anayeweza kuiondoa ni upande wa mashtaka, si wewe wala mwenye gari, na makubaliano ya kulipana ili shahidi asionekane mahakamani ni batili.

Kuhusu yule mtu aliyekuja wodini akisema anafuatilia mambo ya bima, mwulize kitambulisho cha kampuni, na ukitaka uhakika ipigie kampuni yenyewe. Vishoka wanaozunguka hospitali na vituo vya polisi wakijiita wafuatiliaji wa bima huchukua nakala halisi za nyaraka, humfanya majeruhi asaini barua ya uwakilishi, kisha hupatana na upande wa pili kwa kiasi ambacho majeruhi hakijui. PF3 yako halisi usimkabidhi mtu wa namna hiyo.

Swali. Mdogo wangu aligongwa na gari la Serikali lenye namba za STK eneo la Ihumwa akiwa kwenye baiskeli. Alipoteza jicho moja. Tumekwenda kwenye ofisi inayomiliki gari mara nyingi, tunaambiwa tusubiri. Je, Serikali inashitakiwa?

Jibu. Inashitakiwa, na katika jiji hili ambalo kila siku magari ya wizara yanapita kati ya mjini na Mtumba, ni vizuri kila mkazi alijue hilo. Njia yake lakini ni tofauti. Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, Sura ya 5, inataka kwanza utoe notisi ya kusudio la kushitaki ya siku 90 kwa taasisi inayohusika, ikieleza chanzo cha madai na nafuu unayoiomba, na nakala zifike kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na kwa Wakili Mkuu wa Serikali. Siku hizo zikipita bila majibu ya kuridhisha, shauri hufunguliwa Mahakama Kuu, na Mwanasheria Mkuu ni lazima aunganishwe. Tangu marekebisho ya mwaka 2020, utaratibu huo unahusu pia halmashauri, ambazo magari yake yana namba za SM, na mashirika ya umma yenye namba za SU. Shauri lililofunguliwa bila notisi, au bila kumuunganisha Mwanasheria Mkuu, huondolewa hata kama jicho limepotea mbele ya mashahidi mia.

Hizo safari za ofisini zisizo na karatasi hazihesabiki kuwa notisi. Andikeni sasa. Jiandaeni pia kwa hoja kwamba dereva alikuwa katika shughuli zake binafsi, kwa sababu Serikali, sawa na mwajiri mwingine, huwajibika kwa dereva aliyekuwa kazini. Daftari la safari la gari hilo litaonyesha nani aliidhinisha safari ya siku ile na kwenda wapi, nanyi katika shauri mnaweza kuiomba mahakama iamuru litolewe. Msitegemee kampuni ya bima katika suala hili, maana sheria ya bima ya lazima haiyabani magari ya Serikali kama inavyoyabana ya watu binafsi.

Swali. Mume wangu alifariki katika ajali ya basi upande wa Singida. Mwenye basi alileta jeneza, gari la kusafirisha mwili mpaka Mpwapwa, mchele na rambirambi. Sasa shemeji zangu wanasema fidia ikitoka itapokewa na ukoo, na wengine wanasema hakuna fidia tena kwa kuwa mwenye basi alishazika. Nina watoto wawili wadogo.

Jibu. Dada yangu, Mungu akutie nguvu. Nianze na la pili. Rambirambi ni utu, na kumshukuru aliyeileta ni jambo jema, lakini haina uhusiano na deni la kisheria. Hakuna kiasi cha mchele kinachofuta haki ya mjane na watoto. Inawezekana gharama za mazishi alizozibeba mwenye basi msizidai tena, basi.

Haki yenu inatokana na Sheria inayohusu ajali zinazosababisha vifo, Sura ya 310, ambayo inaruhusu mke au mume, watoto na wazazi wa marehemu kulipwa na mtu ambaye uzembe wake ulisababisha kifo, kwa kile walichopoteza kwa kukosa matunzo yake. Ukoo kwa jumla wake haumo. Mama mkwe wako, kama mwanawe alikuwa akimtunza, ana sehemu yake na si busara kumpinga; shemeji zako watu wazima wenye kazi zao hawana. Mahakama ndiyo hugawa, kwa kutazama nani alitegemea kiasi gani na kwa miaka mingapi mbele, na watoto wadogo ndio kwa kawaida huwa na mahitaji marefu kuliko wote.

Kwa kawaida shauri hufunguliwa na msimamizi wa mirathi. Hapo ndipo wajane wengi huachwa nyuma, kwa kuwa kikao cha ukoo humchagua kaka wa marehemu, yeye hupokea malipo kwa jina lake, na mengine ni historia. Hakuna sheria inayokuzuia wewe kuomba usimamizi. Ukiona kikao kinaelekea kwingine, fika Mahakama ya Mwanzo kwa wakati uweke pingamizi au uombe muwe wasimamizi wawili. Andaa cheti cha kifo, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, uthibitisho wa kipato cha marehemu na, kama ipo, tiketi ya basi. Abiria aliyelipa nauli yumo ndani ya ulinzi wa bima ya lazima, na tiketi ikiwa imepotea, orodha ya abiria au ushahidi wa waliosafiri naye utatosha. Usiruhusu miezi ipite kwa sababu ya mabishano ya ukoo. Kwa mtoto aliyeumia mwenyewe sheria ya ukomo husubiri hadi atimize umri wa utu uzima, kwako wewe haisubiri.

Swali. Mimi ni utingo wa lori la alizeti. Lori lilipinduka karibu na Manyoni, nikaumia uti wa mgongo. Hakuna gari jingine lililohusika. Tajiri yangu alilipa hospitali ya kwanza akaacha. Sina mkataba wa maandishi.

Jibu. Wewe, kijana wangu, njia yako ya kwanza ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaojulikana kwa kifupi chake WCF, ulio chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura ya 263, na ambao ulianza kulipa mafao mwezi Julai 2016. Uzuri wake ni kwamba huulizwi nani alikosea. Unatakiwa kuonyesha kuwa uliajiriwa na kuwa uliumia ukiwa kazini. Mfuko hugharimia matibabu, hulipa asilimia 70 ya kipato wakati huwezi kufanya kazi kwa muda, hulipa ulemavu wa kudumu, huduma za utengemao, yaani za kukurejesha katika hali ya kujimudu, na hata posho ya mtu wa kukuhudumia kama huwezi kujihudumia. Bima ya lazima ya lori kwa kawaida haimhesabu mfanyakazi wa gari lenyewe kuwa mtu wa tatu, kwa hiyo usipoteze muda mwingi huko.

Mwajiri hutakiwa kutoa taarifa ya ajali kwa Mfuko ndani ya siku 7 tangu alipoijua. Asipotoa, toa wewe mwenyewe au ndugu yako, kwani madai ambayo hayakutolewa taarifa ndani ya miezi 12 hupotea. Kukosa mkataba wa maandishi si mwisho wa habari. Ajira huthibitishwa pia kwa ujumbe wa simu wa kutumiwa posho, kwa jina lako kwenye hati za mizigo, kwa dereva mwenzako, na kwa maelezo uliyoandika polisi siku ya ajali. Michango ya Mfuko hulipwa na mwajiri peke yake, wala haikatwi kwenye mshahara wako. Kama tajiri yako hakukuandikisha hilo ni kosa lake yeye, na Mfuko utashughulika naye.

Swali. Gari lililonigonga Chang'ombe lilikuwa na stika, lakini nilipohakiki haipo kwenye mfumo. Mwenye gari anasema hana kitu.

Jibu. Kutokuwa na bima hakumwondolei deni; kunaongeza kosa la jinai juu yake, na stika ya kughushi ni kosa jingine zito zaidi, kwa hiyo ripoti polisi na kwenye ofisi ya TIRA hapa Dodoma. Mdai yeye binafsi. Ukipata hukumu unaweza kuomba mali zake zikamatwe, likiwemo gari lenyewe, viwanja na fedha benki. Nyumba anayoishi na mkewe na watoto sheria imeikinga, hivyo chunguza mapema mali nyingine alizonazo kabla hazijabadilishwa majina.

Swali. Kampuni ya bima imepokea nyaraka zangu zote, kila nikienda naambiwa faili liko makao makuu. Wakili sina uwezo wa kumlipa.

Jibu. Andika malalamiko kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, ambayo makao yake makuu yako hapa Dodoma. Ipo pia Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009 ili wananchi wenye malalamiko dhidi ya kampuni za bima wasilazimike kuanzia mahakamani. Kwa upande wa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawahusu watu wa hali yako. Fika ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri au ya mkuu wa wilaya uulize watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa katika eneo lako, ambao huandaa barua na hati za madai bila malipo, na kwa mashauri mazito mahakama yenyewe inaweza kuelekeza upewe msaada. Ukienda, beba nakala za kila karatasi, na halisi uziache nyumbani mpaka siku mahakama itakapozihitaji.